Mwaka Tuliosoma Kichuguu

Mama Ngosa wa ng'ambo ya ukuta anauliza tena,
ndoo kichwani, jicho moja kwetu:
"Batoto yako habaende ku masomo?"
Wameshaenda, namjibu.
Anawaona wamelala kifudifudi kwenye kichuguu,
kila mmoja kabandika sikio kwenye tundu lake,
naye anacheka hadi maji yanamtiririka shingoni.

Kichuguu kiliitangulia nyumba.
Fundi alikikata ubavu, akafyatua matofali, akachoma,
basi tunalala ndani ya nusu yake
na nusu iliyobaki imesimama nyuma ya choo,
nyekundu, ndefu kunizidi, mkwaju mchanga kileleni.

Nawej alikwenda shule mwaka mmoja.
Walikuwa tisini na wawili, madawati kumi na saba.
Alirudi anajua kufunga mikono
na kutazama mbele.
Baba yao akapiga simu kutoka Kolwezi: amua wewe.
Nikaamua, kisha siku tatu sikupata usingizi.

Jumatatu ya kwanza nilichora a kubwa kwenye mlango wa jiko.
Kapya, miaka minne, hakuigeukia.
Alikuwa na mchwa wake, mmoja,
aliyekokota ubua wa nyasi mara sita urefu wake.
Mchwa akafika kwenye ufa, akarudi kinyumenyume,
akaugeuza mzigo, akajaribu kwa upande.
Nilisimama na chaki yangu
kama mtu aliyeleta ufunguo
kwenye nyumba isiyo na mlango.
Nikapiga magoti.

Si kila siku.
Kuna siku nilifoka hadi Mujing akajifungia chooni.
Kuna mwezi mzima tulisahau kuzidisha,
baba akauliza kwenye simu, saba mara nane?
na alichosikia ni kuku.

Vitabu tunavyo kumi na kimoja.
Nasoma kwa sauti mchana, jua likizidi,
wao wakichora mishipa ya jani la mpapai,
na mwishoni hakuna anayeulizwa swali.
Wanachokidai kila mara ni cha binti
anayepanda na mto akitafuta unapoanzia.
Kilisahauliwa sakafuni masika moja.
Mchwa wakakiingia kwa chini, bila haraka,
wakatuachia jalada na kurasa hamsini na nane.
Kwenye ule wa mwisho, binti ameinua mguu
kuvuka jiwe lenye utelezi.
Mguu bado uko hewani.

"Wao wanajua," Mujing alisema.
"Walisoma kwa kumeza."
Ndiyo sababu ya masikio kwenye matundu.
Kila mmoja ananiletea alichosikia, ninaandika.
Nawej amesikia mamba, na bunduki, na mamba mwingine.
Kapya amesikia shhh.
Basi herufi zake za kwanza hazikuwa a.
Zilikuwa s na h,
alizichimba kwa kijiti kwenye udongo,
ya pili ikilala chali.

Novemba, mvua ya kwanza, umeme ukakatika mtaa wote.
Niliwasha taa ya mafuta, nikaitoa nje.
Ardhi ikafunguka.
Kumbikumbi walipanda wakitetema, mamia kwa mamia,
mabawa membamba, ya rangi ya karatasi kuukuu.
Kapya alikimbia bila suruali:
"Mama! Kurasa zinatoka!"

Mama Ngosa alikuja na beseni, hodi hakupiga.
Tuliwakaanga kwa chumvi tu, mafuta yao yanawatosha.
Tulikula kwa mikono, mabawa yamezagaa hadi kizingitini,
na yeye, bila kunitazama,
akipepeta lililokwisha kupepetwa:
"Na ule binti, alivukaka?"
Kumbe naye, michana yote ile, upande wake wa ukuta.

Alivuka, alisema Nawej.
Aliteleza, alisema Mujing, lakini aliteleza kwa mbele.
Kapya alitafuna polepole, macho kafumba.
"Bado," akasema, mdomo umejaa,
akanyoosha mkono kwenye beseni.